Zabuni ya Ushuru: Kutoka Forodha ya Mrima Hadi Soko la Newala

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, siku moja baada ya darsa ya Alasiri kijana mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani alibaki msikitini wenzake walipotoka. Akasema: "Maalim, nina swali. Naomba unijibu kwa kitabu, usinijibu kwa kunionea haya." Alikuwa ameshinda zabuni ya kukusanya ushuru wa soko na wa geti la mazao katika halmashauri moja ya huku kwetu kusini. Mkataba ulimtaka apeleke kiasi maalumu kila mwezi, na kinachozidi kiwe chake. Akaifanya kazi hiyo miaka miwili. "Sikuchelewesha mwezi hata mmoja," akasema, "wala sikuiba senti ya halmashauri. Je, kile kilichobaki ni changu au si changu?"

Hatukuweza kumjibu siku ile. Swali lenyewe lilikuwa na mkia, kwani sehemu ya kile kilichobaki ilikuwa imenunua mabati ya msikiti tuliokaa chini yake. Tuliyapokea kwa dua na furaha, na hakuna mmoja wetu aliyeuliza yametoka wapi. Tukamwomba muda, tukarudi kwenye vitabu vya fiqhi na vya tarikhi. Makala haya ni matunda ya kurudi huko, nasi tunayaweka mbele ya maimamu na wanafunzi kwa sababu hatudhani kwamba swali hili limetufika sisi peke yetu.

MANENO YENYEWE YANATUSHUHUDIA

Mwenye kujua Kiarabu akiingia katika kikao cha baraza la madiwani atashangaa namna maneno ya fiqhi yalivyojaa humo. "Mashauri" yaliyomo katika neno halmashauri yametoka katika shura. "Ushuru" ni 'ushr, sehemu ya kumi. "Dhamana" ni dhaman, "wakala" ni wakala, na "mkataba" umetokana na kataba, yaani kuandika. "Forodha" ni furdha, mahali majahazi yanapopakulia.

Na neno "zabuni" je? Waarabu humwita mteja zabun, na Waswahili wakalichukua kwa maana ya kutaja bei mnadani. Herufi zake ndizo za zabn, yaani kusukuma. Kutokana na herufi hizohizo wanazuoni wa lugha wanaeleza jina la muzabana, biashara iliyokatazwa na Mtume (s.a.w.), ya kuuza tende zilizo mtini kwa tende kavu zilizopimwa, kwa sababu kila mmoja humsukuma mwenzake nje ya haki yake. Basi anayezabuni anasukuma, na la kuuliza ni nani anayesukumwa.

Mafakihi wa zama hizi wanagawa zabuni mafungu mawili. Ipo muzayada, ambayo watu huzidishiana bei na mwenye bei ya juu hushinda. Hivyo ndivyo unavyouzwa mnada wa ng'ombe, na ndivyo ulivyokuwa ukitolewa ushuru wa soko. Na ipo munaqasa, ambayo watu hupunguziana, na mwenye bei ya chini anayetimiza masharti hushinda. Hivyo ndivyo hutolewa kazi ya barabara, ya zahanati na ya kisima. Katika ile ya kwanza, mwenye kuzabuni akipandisha mno, anayesukumwa ni muuzaji wa sokoni. Katika ya pili akishusha mno, anayesukumwa ni mnywaji wa maji, maana bomba litakuwa jembamba na saruji itakuwa haba.

Asili ya zote mbili ni halali. Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan ya Tirmidhi na nyinginezo, kwamba Mtume (s.a.w.) alimnadia Ansari mmoja maskini tandiko lake na bakuli lake. Mtu mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Ama munaqasa, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa katika kikao chake cha kumi na mbili huko Riyadh, mwaka 2000, liliijuzisha kwa kuipimia muzayada. Kilichoharamishwa ni najsh: kutaja bei bila nia ya kununua ili kumdanganya mwingine. Wale wanaokwenda katika zabuni watu watatu, makampuni matatu, na mfuko wao ni mmoja, wajue kwamba jina la kazi yao limo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kabla ya kuandikwa katika sheria yoyote ya ununuzi.

MIZANI YA KWANZA

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hiki chenu, na hiki nimezawadiwa. Abu Humayd as-Sa'idi (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alipanda juu ya mimbari akawauliza watu: kwa nini huyu asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, tukaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko? Kisha akaonya kwamba atakayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama kimebebwa shingoni.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, Ibn al-Lutbiyya hakuficha. Alisema wazi, na bado uwazi wake haukumhalalishia. Pili, kosa lilisemwa juu ya mimbari. Hesabu ya mali ya umma haikuwa siri ya ofisini.

Na katika Muwatta ya Imam Malik tunasoma habari za Abdullah bin Rawaha (r.a.) aliyetumwa Khaybar kukadiria tende. Wenyeji walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie, akayakataa na kuwaambia kuwa ni haramu. Kisha akawapa hiari katika makadirio yake: wachukue wao au aachiwe yeye. Wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu kama huu ndipo mbingu na ardhi zinasimama. Sayyidna Umar (r.a.) naye alikuwa akiandika mali ya gavana siku anapomtuma, na akirudi imezidi bila sababu humnyang'anya sehemu na kuitia katika Baitul Mali.

QABALA: MAFAKIHI NA WAKODI KODI

Dola ilipotanuka ilizuka njia nyepesi ya kukusanya, ikaitwa qabala au dhaman: tajiri mmoja huidhaminia serikali kiasi fulani kwa wilaya nzima, analipa, kisha anajilipa kwa raia. Ndio mkataba wa kijana wetu kwa jina jingine. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam (aliyefariki mwaka 224 Hijria) amekusanya katika Kitab al-Amwal riwaya za Masahaba waliouchukia, na miongoni mwao Ibn Umar aliyeufananisha na riba.

Kadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798), katika Kitab al-Kharaj aliomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid, aliushambulia waziwazi. Hoja yake ni nyepesi kufahamika hata leo: mkodi aliyeahidi kiasi kikubwa hawezi kukipata ila kwa kuwatwisha watu lisilowapasa, na mwisho nchi inaharibika na hazina pia inakauka. Hata hivyo, hakufunga mlango wote. Alisema kwamba watu wa mji wenyewe wakimridhia tajiri wa kwao kwa kuona ni nafuu, na akawekwa pamoja naye mtu mwaminifu anayelipwa na Baitul Mali, mwenye uwezo wa kumzuia asizidishe, basi jambo hilo linaweza kukubaliwa. Masharti yake ni haya: wenyeji waridhie, viwango vijulikane, na msimamizi asile katika mkono wa anayesimamiwa.

Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058), naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa mkali zaidi. Katika al-Ahkam as-Sultaniyya amesema kwamba kuwadhaminisha wakusanyaji kiasi maalumu cha ushuru na kharaj ni batili. Sababu yake: mkusanyaji ni mwaminiwa. Anapokea kilichowajibika, anafikisha kilichopatikana. Kikipungua bila kosa lake hadaiwi, na kikizidi hakimiliki.

Pamoja na hayo, desturi ilishinda kitabu. Al-Maqrizi anaeleza namna ardhi za Misri zilivyokuwa zikinadiwa: msimamizi wa kharaj aliketi ndani ya Msikiti wa Amr bin al-As huko Fustat, watu wakakusanyika, mnadi akasimama kutaja eneo moja baada ya jingine, na makarani wakaandika. Tulipofika hapo tulifunga kitabu tukatazama juu, kwenye mabati yetu. Ukodi wa kodi uliwahi kukaa msikitini kabla yetu. Waosmani nao wakaurithi kwa jina la iltizam, na mwaka 1695 wakaufanya wa maisha kwa jina la malikane.

FORODHA YA MRIMA

Mtu asidhani haya ni ya Misri na Istanbul tu. Pwani yetu yote, kutoka Mrima hadi Mikindani, iliendeshwa kwa mkataba wa namna hii kwa miaka mingi ya karne ya 19.

Sayyid Said bin Sultan hakuwa na makarani wa forodha wa kutosha, basi aliikodisha. Kuanzia miaka ya 1830 mkodi mkubwa alikuwa Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch, na baada yake nyumba yake ya biashara, iliyosimamiwa Unguja kwa muda mrefu na Ladha Damji. Mkataba kwa kawaida ulikuwa wa miaka mitano. Mkodi aliahidi riale kadhaa kwa mwaka, akaweka watu wake katika bandari za bara, na pembe, sandarusi na bidhaa nyingine zilizoshuka kutoka nyanda zetu za Makonde kupitia Lindi na Mikindani zilihesabiwa mbele ya macho yao. Katika miaka ya 1860 kodi hiyo ilifikia riale 310,000 kwa mwaka. Mwaka 1876 mkataba ulihamia kwa Taria Topan, Khoja Ismailia, kisha ukarudi kwa nyumba ya Jairam.

Hapa tuseme kwa insafu. Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba ila yake ni dini ya mkodi. Sivyo. Mkodi akiwa Mbaniani, Khoja au Shafi wa Lindi, mkataba ni uleule na matokeo ni yaleyale. La kwanza katika matokeo hayo ni kwamba mtawala hakujua mapato ya nchi yake, kwani vitabu vilikuwa kwa mkodi. La pili, mkodi ndiye akawa mkopeshaji wa mtawala. Sayyid Barghash aliposhika ufalme mwaka 1870 alikuta deni la nyumba ya Jairam lililohesabiwa kuwa zaidi ya riale laki tano. Basi aliyepaswa kumsimamia mkodi alikuwa mdaiwa wake, na mdaiwa hamsimamii mdai wake. Hilo sharti la Abu Yusuf la msimamizi anayelipwa na Baitul Mali, tazama lilivyo na maana!

KAMPUNI ILIYOPEWA PWANI NZIMA

Tarehe 28 Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa miaka 50 kampuni ingetawala na kukusanya forodha kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma, kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kwenye karatasi ulikuwa ukodi kama uliotangulia. Mwezi Agosti mawakala wa kampuni wakashuka bandarini.

Watu wa pwani hawakuulizwa. Pangani ikasimama chini ya Abushiri bin Salim, na kufikia Septemba moto ulikuwa umefika Kilwa, Lindi na Mikindani. Kilwa watumishi wawili wa kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani wenzao walikimbia. Kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Serikali ya Ujerumani ikaingia vitani kuiokoa biashara ya kampuni yake. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, bandari za kusini zikatwaliwa Mei 1890, na mwaka huohuo Sultani akaiachia pwani kwa malipo ya marki milioni nne. Mkataba wa kukusanya ushuru ukawa ndio mlango wa kupoteza nchi.

Huku kwetu juu, Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekaa Luagala, alikataa kwenda kumnyenyekea mkuu wa Wajerumani, na kodi ya nyumba ilipoanza kudaiwa mwaka 1898 hakukubali kuilipa. Mwaka 1899 alivuka Ruvuma na watu wake wakaingia Msumbiji. Wazee wa Newala na Tandahimba bado wanalitaja jina lake.

NEWALA: KIU NA KODI

Chini ya Waingereza, tangu miaka ya 1920, kodi ikakusanywa kupitia serikali za wenyeji zenye hazina zao. Lakini kwa Wamakonde, waliozoea uongozi wa wakulungwa wa kila kijiji, mamlaka ya namna hiyo yalikuwa kitu kilichotoka nje.

Anayeijua Newala anaijua shida yake kubwa kuliko zote. Mji umekaa ukingoni mwa nyanda za juu, karibu na Shimo la Mungu. Unaona bonde lote la Ruvuma chini yako, na maji yako huko chini. Vizazi vya kina mama vilishuka na kupanda ile miteremko na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde ili maji yapandishwe kwa mitambo kutoka mabondeni. Jambo lilikuwa la kheri, lakini mzigo wa gharama ulikuwa mzito, na lawama za wananchi kuhusu kulipia maji yasiyowafikia hazikukosekana. Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1970, Finland ilisaidia maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi kwa muda mrefu. Juni 2022 mikataba ya maji ya miji 28, kwa mkopo kutoka India, ilitiwa saini Chamwino, na Makonde ikiwemo. Tunataja haya ili msomaji aone kwamba hapa kwetu zabuni si neno la makarani. Mkandarasi akifanya hiana, mama anarudi na ndoo tupu.

Ama halmashauri zenyewe, zile za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi mdogomdogo uliokuwa kero kwa wananchi. Ulikuwa uamuzi wa rehema, lakini ulizipunguzia halmashauri mapato, na nyingi zikaongeza kutegemea mawakala: wa soko, wa stendi, wa mnada wa mifugo, wa geti la mazao. Kuna watafiti waliochunguza mawakala hao mwishoni mwa miaka ya 2000, nao wakakuta kwamba mahali pengine wakala alibakiwa na sehemu kubwa mno ya kilichotolewa na wananchi, kwa kuwa halmashauri haikuwa imefanya makisio yake kabla ya kutangaza zabuni. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo zimetaja mara nyingi mawakala wasiowasilisha walichokusanya. Ndipo zikaja mashine za POS badala ya vitabu vya stakabadhi, ili kila shilingi ionekane.

Ndugu msomaji, linganisha na forodha. Halmashauri isiyojua soko lake linazalisha kiasi gani imo katika hali ya Sayyid Barghash: daftari liko kwa mkodi.

SHERIA YA LEO NA SANDUKU LA KOROSHO

Nchi haikukaa kimya. Baada ya Tume ya Jaji Warioba kueleza hali ya rushwa mwaka 1996, ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2001, ikafuatiwa na za 2004, 2011 na ya sasa, Namba 10 ya mwaka 2023. Madiwani hawakai katika bodi ya zabuni. Wanaokaa ni watendaji, na kazi ya diwani ni kusimamia, si kugawa. Zabuni zinatangazwa na kupokelewa katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Aliyeshindwa ana haki ya kujua na kulalamika kabla mkataba haujasainiwa, na kukata rufaa. Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu vimetengewa fungu lao. Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa imeitaja rushwa katika zabuni na mikataba kuwa jinai. Na tangu mwaka 2017 mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatakiwi kutozwa ushuru wa mazao.

Mengi katika haya ni mwangwi wa walioyasema Abu Yusuf na al-Mawardi. Lakini sheria inahitaji macho ya watu, na hapa wakulima wa Newala na Masasi wana elimu yao wenyewe. Tangu korosho zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, mkulima wetu amezoea mnada wa wazi: wanunuzi walileta bei zao katika bahasha, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, kila bei ikasomwa kwa sauti, nao wakasema tunauza au hatuuzi. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada umehamia katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei bado zinatangazwa mbele yao. Bibi asiyejua kusoma atakwambia kampuni gani ilitaja bei gani wiki iliyopita. Lakini muulize: nani amepewa kazi ya kuchimba kisima cha kijiji chako, na kwa shilingi ngapi? Hajui. Anayeweza kufuatilia bei ya korosho anaweza kufuatilia bei ya kisima, akisomewa.

JIBU LETU KWA KIJANA

Tulimwita tukamjibu kwa kitabu kama alivyotaka.

Tulimuuliza kwanza: ulitoa chochote ili upate mkataba? Akaapa kuwa hakutoa. Tukamwambia: mshukuru Mola wako, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Angetoa, mazungumzo yangekuwa mengine.

Tukamuuliza tena: vijana wako wa getini waliwatoza watu kiwango cha halmashauri au zaidi? Akanyamaza. Kisha akasema kwamba bei aliyozabuni ilikuwa kubwa, na miezi ya kiangazi haikutosha; mwenye tenga moja la maembe alitozwa kama mwenye mzigo wa baiskeli, na stakabadhi hazikuandikwa zote. Hayo ndiyo aliyoyasema Abu Yusuf miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, naye hakuwahi kuiona Newala.

Tukamgawia kile kilichobaki mafungu matatu. Kilichotozwa zaidi ya kiwango ni maksi, ni dhulma, na hakihalaliki kwa mkataba wowote. Kirudi kwa wenyewe, na wasiojulikana kitumike kwa maslahi yao. Kilichotozwa kwa kiwango halali, kwa kauli ya al-Mawardi hakimilikiwi na mkusanyaji. Lakini anastahiki ujira wa mfano, yaani malipo ya mtu aliyefanya kazi kama yake. Huo ndio fungu lake halali. Kinachozidi ujira ni cha umma. Wapo wanazuoni wa leo wanaolegeza katika fungu la pili kwa kuwa mkataba ulitolewa na mamlaka halali na kwa ridhaa ya pande mbili; hatuwalaumu, ila tumempa kijana lililo salama zaidi kwa dini yake, kwa kuwa aliomba kitabu.

Na kwa halmashauri, waliomo humo wakiwemo waumini wenzetu, ushauri wetu ni kwamba wakala akihitajika apewe asilimia inayojulikana ya kilichokusanywa, asiachiwe kinachozidi. Soko likadiriwe kabla ya zabuni. Viwango vibandikwe getini kwa maandishi makubwa. Anayemsimamia wakala asinywe hata chai yake.

SISI NA MABATI

Baki sisi. Tulilileta jambo mbele ya kamati ya msikiti. Mzee mmoja akasema kwamba mali ikishaingia msikitini imetakasika. Tukamjibu kwamba msikiti hautakasi mali ya mtu. Unaitunza tu mpaka mwenyewe atakapoidai. Wenye kudai hapa ni kina mama wa tenga moja la maembe, na wengine wao wanaswali nyuma ya pazia letu.

Kamati iliyathamini mabati, ikakubaliana kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tuchange mpaka itimie thamani yake, nazo zinunuliwe mabati mengine ya kuezeka banda la wauza matunda, wanaokaa juani. Kijana anachangia kuliko sote. Mpaka tunaandika haya deni halijaisha, na banda limeezekwa upande mmoja.

Tunawausia maimamu wenzetu: mkandarasi au wakala akija na mfuko wa saruji kwa ajili ya msikiti, mpokeeni kwa heshima, lakini muulizeni. Kumuuliza si kumtukana, Mtume (s.a.w.) alimuuliza Ibn al-Lutbiyya. Na zabuni ikitangazwa wilayani kwenu, isomeni baada ya swala kama mnavyosoma tangazo la maziko: kazi gani, nani amepewa, kwa shilingi ngapi, itakwisha lini.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuwafikishe kutekeleza amana kwa wenyewe, na atusamehe tuliyoyapokea bila kuuliza.

Wallahu a'lam.